Kamera ya Fomati ya Kati, Kutoka Mnarani Hadi Marafa

Kamera ya kidijitali ya fomati ya kati hutambulika kwa ukubwa wa kihisi chake, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga mahali palipokuwa pa filamu. Kihisi cha kamera ya kawaida ya kitaalamu kina milimita 36 kwa 24. Kile cha Fujifilm GFX au Hasselblad X kina milimita 44 kwa 33 hivi, eneo linalozidi lile la kwanza mara 1.67. Juu yake iko migongo ya kidijitali ya Phase One, yaani sehemu zenye kihisi zinazofungwa nyuma ya kamera, yenye milimita 53.4 kwa 40, ambayo bei yake ni ya gari na hushikwa kwa adabu inayostahili gari. Neno "kati" limebaki kutoka enzi ya filamu: filamu ya 120 ilikuwa pana kuliko ile ya milimita 35 na ndogo kuliko vipande vya kamera kubwa za studio. Rolleiflex na Yashica-Mat zilikuwa za kundi hili, kamera za kutazamwa kwa juu, mpiga picha ameinamisha kichwa kama anayesoma barua iliyo kifuani pake.

Hasselblad ya Uswidi ilitoa kamera ya 500C mwaka 1957, na kamera za ukoo huo ndizo zilizofika mwezini mwaka 1969. Mgongo wa kwanza wa kidijitali wa kampuni ya Leaf ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukiwa na megapikseli 4, pungufu ya simu za kawaida zinazouzwa leo kwenye vibanda vya Kilifi. Kwa miaka mingi baadaye migongo hiyo ilikuwa vifaa vya studio, vikifungwa kwa kebo kwenye kompyuta na kuchoka upesi mwanga unapopungua. Mwaka 2014 vihisi vya aina ya CMOS, vinavyomudu mwanga hafifu, viliingia katika fomati ya kati, Phase One ikiwa na IQ250 na Pentax ikiwa na 645Z. Mwaka 2016 Hasselblad ikatangaza X1D, kamera isiyo na kioo ndani. Fujifilm ikaleta GFX 50S mapema 2017, kisha GFX 100 yenye megapikseli 102 mwaka 2019. GFX 100S ya mwaka 2021 ilishusha uzito hadi gramu 900, betri na kadi zikiwa ndani, na bei hadi dola 5,999. Bado ni pesa nyingi. Lakini hapo ndipo fomati ya kati ilipoweza kupandishwa matatu ikapakatwa mapajani.

Ndivyo ilivyosafiri nami mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, kutoka Mombasa hadi Kilifi, kilomita 60 hivi, kisha Gede, Mida, Malindi, na kumalizia Marafa. Vifaa vilikuwa vya kukodi. Mfuko ulibeba mwili wa GFX 100S, lenzi ya milimita 32–64 yenye gramu 875, ya 110 f/2 yenye gramu 1,010, na ya 100–200 yenye gramu 1,050. Hizo ni kilo 3.8 kabla ya stendi ya miguu mitatu, flashi, filta, betri tatu, vitambaa na chupa ya maji. Mpiga picha wa mwambao hubeba maji mengi kuliko anavyodhani, maana si ya kunywa tu. Kazi yake ya pili itaonekana mbele.

Namba za lenzi hizi hazilingani na zile za kamera ya kawaida. Kwa kihisi cha 44 kwa 33 mtu huzidisha kwa 0.79. Lenzi ya 32–64 inaona kama 25–51, ya 110 kama 87, ya 100–200 kama 79–158. Hesabu hiyohiyo inafaa kwa tundu la lenzi: f/2 ya lenzi ya 110 hutoa kina chembamba cha fokasi kama f/1.6 ya kamera ndogo. Maana yake ni kwamba jicho moja la mtu likiwa kali, la pili laweza kuwa limeshaanza kuyeyuka. Umbo la picha nalo ni la nne kwa tatu, fupi kidogo na pana kidogo kuliko lile la tatu kwa mbili, na milango, nguzo na makaburi ya Waswahili huingia humo bila kulazimishwa.

Magofu ya Mnarani yako ng'ambo ya kusini ya hori la Kilifi, karibu na daraja lililofunguliwa mwaka 1991 na kuchukua kazi ya kivuko. Mji huo wa mawe umeacha misikiti miwili, makaburi, mibuyu mikubwa, na nguzo ya kaburi iliyoupa jina lake. Nguzo ndiyo mtihani wa kwanza wa kamera. Ukiinua lenzi ili kuleta kilele ndani ya picha, mistari ya wima hukaribiana juu na mnara huonekana kama unaanguka kinyumenyume. Tiba ni tatu. Ya kwanza ni lenzi maalumu ya kuhamisha, kama ile ya GF ya milimita 30 ambayo sehemu yake ya mbele huteremka au kupanda wakati kamera imesimama wima. Ni nzuri na ni nzito, gramu 1,340. Ya pili ni kurudi nyuma, kuiweka kamera sawa kwa pimamaji, kisha kukata ardhi iliyozidi chini ya picha. Ya tatu ni kunyoosha mistari kwenye kompyuta. Megapikseli 102 zina akiba ya kutosha kwa hiyo ya pili: theluthi moja ikikatwa, zinabaki 68. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida ya pikseli nyingi inayosahauliwa. Watu huzisifu kwa ukubwa wa karatasi, nazo hufaa zaidi kwa uhuru wa kukata.

Pikseli hizo zina upande wa mikromita 3.76 kila moja, na hazisamehe mtikisiko. Kamera ina injini ndani inayokitikisa kihisi kinyume cha mtikisiko wa mkono, na inafanya kazi kwa kiasi cha kushangaza, lakini picha ya nguzo yenye nyufa na chokaa iliyobanduka inataka stendi. Kaskazi ya Februari hupiga kwa mkupuo juu ya hori. Miguu ya stendi hufunguliwa mipana, ile nguzo ya katikati hubaki chini, mfuko hutundikwa kwenye kulabu ili kuongeza uzito, na kidole hakigusi kitufe. Kamera huwekewa kuchelewa sekunde mbili au hutumiwa remoti. Tundu hubaki kati ya f/8 na f/11. Zaidi ya hapo mwanga unaopita katika kitundu kidogo huanza kutawanyika, na ukali ulionunuliwa kwa fedha nyingi humwagika bure.

Shata ina mitego yake. Ile ya kielektroni haina kelele wala mtikisiko, lakini kihisi kikubwa husomwa mstari kwa mstari, polepole. Kitu kinachokwenda kinakuwa kimeshasogea kabla ya mstari wa mwisho kusomwa. Mlingoti wa mashua inayopita chini ya Mnarani hutoka umelala upande, na makuti ya mnazi hupinda kwa namna ambayo hakuna upepo uliowahi kuyapinda. Shata ya kimekanika, au ile ambayo mwanzo wake tu ni wa kielektroni, ndiyo ya kufanyia kazi nje.

Mzee aliyekuwa akipumzika chini ya mbuyu aliitazama shughuli hii kwa muda mrefu.

"Mwanangu, saa nzima wapiga moja tu?"

"Nangoja jua lishuke kidogo, babu."

"Hilo halina haja ya kungojwa. Litashuka lenyewe."

Kweli lilishuka, na upesi. Karibu na ikweta jua huzama likielekea chini wima, si kwa mshazari mrefu kama Ulaya. Februari linatua yapata saa kumi na mbili na dakika arubaini jioni, na nusu saa baadaye ni giza. Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa kaskazini ya dunia husifu saa ya dhahabu. Hapa ni dakika chache za dhahabu, na mtu anayefunga stendi wakati huo ameshachelewa.

Gede iko kilomita 15 hivi kusini mwa Malindi, ndani ya msitu. Mji huu ulianza karne ya 12 na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927, James Kirkman akaufukua kuanzia mwaka 1948, na Julai 2024 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Mgeni mwenye kamera ndogo hupita kwa tiketi yake. Upigaji wa kibiashara unahitaji ruhusa ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, nayo huombwa mapema, kwa sababu stendi kubwa na lenzi ndefu huuliza maswali zenyewe langoni.

Hapa ndipo kihisi kikubwa kilipostahili uzito wake. Kuta za Gede ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mengine yamekuwa meupe kama mfupa, mengine meusi kwa ukungu wa mvua nyingi. Juu yake miti hutupa vivuli vizito vyenye matundu ya jua. Kati ya chokaa iliyo juani na kona ya chumba kisicho na dirisha kuna tofauti ya stopu sita au saba, na kila stopu ni mwanga maradufu: saba ni mara 128. Simu hukisia na kuchanganya picha kadhaa. Matokeo yake ni kuta zinazong'aa kama plastiki. Kihisi cha fomati ya kati hushika takriban stopu 14 katika picha moja. Mbinu ni kupima mwanga kwa ile chokaa yenyewe, kuhakikisha histogramu haigongi ukuta wa kulia, na kuacha vivuli viwe vyeusi kwenye skrini bila kuogopa. Baadaye vivuli huinuliwa kwenye kompyuta, na ndani yake mnatoka mawe, mizizi, hata njia za siafu, bila zile chengachenga za rangi. Chokaa iliyoungua haina dawa.

Mihrabu ya msikiti mkuu ina kalenda yake. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Malindi, kwa hiyo ukuta wa kibla uko upande wa kaskazini na uso wa mihrabu hutazama kusini. Paa lilishaanguka. Jua hupita utosini mwa mwambao huu karibu na tarehe 12 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi jua la mchana liko kusini ya utosi na huuparaza uso wa mihrabu kutoka juu, kila mchongo ukitoa kivuli chembamba chini yake. Miezi mingine uso huo uko kivulini mchana kutwa. Mwenye nia ya kuupiga mwezi wa Julai ataona ukuta wa kijivu tu, na hakuna kamera ya kumsaidia isipokuwa alete taa.

Kamera za aina hii huwa na kipengele cha kupiga picha 16 huku kihisi kikisogezwa kwa hatua ndogo kuliko pikseli, kisha zikaunganishwa kuwa picha moja ya megapikseli 400. Nilikijaribu Gede mara nne. Kinataka ulimwengu uliosimama, na msitu hausimami: jani moja likitikisika, hapo mahali pake hujaa miraba. Ni kipengele cha makumbusho, cha kupiga kitabu au kigae juu ya meza. Kima wa Gede nao hawasimami. Mmoja aliushika mfuniko wa lenzi uliokuwa juu ya ukuta, akaung'ata, akauona hauna ladha, akauacha juu ya tawi. Jambo la maana kuliko hilo ni kina cha fokasi. Lenzi ya 32 kwa f/11 haiwezi kushika kwa ukali kamili mzizi ulio hatua moja mbele na mnara ulio mbali. Kamera huamriwa kupiga mfululizo, fokasi ikisogea kidogo kidogo kutoka karibu hadi mbali, na programu huchukua sehemu kali ya kila picha. Hapo upepo ukitulia hata dakika moja ni neema.

Hori la Mida, karibu na Gede na Watamu, lilibadilisha kanuni zote za stendi. Kuna daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko, na juu yake stendi ni adui: kila hatua ya mpita njia huipandisha na kuishusha pamoja na kamera. Ni bora kushika mkononi, kuegemea, na kuiachia ile injini ya ndani kazi yake. Tope la Mida huonekana maji yakipwa, na saa za kupwa hufuata mwezi. Siku za bamvua maji hupwa yapata saa nne au saa tano asubuhi, jua limeshakuwa kali na tope linamweka. Maji mafu ndiyo yanayopwa karibu na alfajiri, ingawa hayaendi mbali. Mpiga picha asiyeuliza wavuvi habari za maji atafika Mida saa kumi na mbili asubuhi akute bahari imesimama hadi kwenye matawi. Nilifika hivyo siku ya kwanza.

Ndege wa tope ni udhaifu wa mfumo. Lenzi ya 200 inaona kama 158 tu, na fokasi ya otomatiki huhamisha vioo vizito bila haraka. Anayetafuta ndege akichukua chakula aende na kamera ndogo yenye lenzi ya 500. Fomati ya kati ilifaa kwa kile kisichoruka: mizizi ya mikoko iliyosimama juu ya kivuli chake.

Usiku wa Watamu ulileta kosa la kujitakia. Mfuko ulilala ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na saa kumi na moja alfajiri ukafunguliwa nje. Hewa ya mwambao ina maji. Ikigusa kioo baridi huyaacha hapo. Lenzi zote tatu ziligeuka nyeupe, na ukungu wa namna hiyo ukifutwa hurudi, tena kitambaa huacha michirizi. Zilichukua karibu nusu saa kupata joto, na jua lilishachomoza. Kamera hulazwa kwenye chumba cha feni, au mfuko hutolewa nje ukiwa umefungwa mapema kabla ya kazi. Vifuko vya silika husaidia ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, navyo hukaushwa kila baada ya siku chache; vikishashiba unyevu ni changarawe tu.

Chumvi ni mjanja kuliko maji. Mvuke wa mawimbi hukaa juu ya kila kitu, hukauka, na kuacha chembe zinazokwaruza kioo kikifutwa kikavu. Hapa ndipo ile kazi ya pili ya maji baridi inapoingia. Kitambaa hulowekwa kidogo, hukamuliwa, mwili wa kamera hufutwa, kisha hukaushwa kwa kingine. Kioo hupulizwa kwanza kwa pampu ya mpira. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo ile hila ya zamani ya kuivisha kamera mfuko wa dukani imekwisha. Kofia ya kuogea hufunika mwili vizuri, na begi la mpira lisilopitisha maji, kama wanalotumia wapiga mbizi, hufaa ndani ya boti.

Malindi ni mji wa nyuso za watu, na uso wa mtu katika jua la saa tano ni kazi ngumu. Macho hubaki mashimo meusi chini ya paji. Dawa ni flashi, na hapo ndipo mifumo miwili ya fomati ya kati inapoachana. Hasselblad X huweka shata ndani ya kila lenzi, mabapa madogo yanayofunguka kama ua, na flashi hulingana nayo hata kwa kasi ya 1/2000. Fujifilm GFX huweka shata mbele ya kihisi, pazia mbili zenye safari ndefu, na mwisho wa kulingana na flashi ni 1/125. Katika jua kali, ISO 100 na 1/125 hudai tundu la f/14 hivi, ambalo huonyesha wazi kila kitu kilicho nyuma ya mtu: gati, pikipiki, nguo zilizoanikwa. Kwa 1/2000 tundu laweza kufunguka hadi f/3.5 na vitu hivyo vikalainika. Mwenye GFX hupata matokeo yaleyale kwa kuvisha lenzi filta ya kijivu ya stopu nne, na hulipa kwa flashi kubwa zaidi, kwa kuwa filta huipunguza hiyo nayo. Ipo pia njia ya flashi ya kasi, inayopiga mfululizo wa vimulimuli. Hiyo hula nguvu zaidi na chini ya jua la Malindi huishia kuwa mshumaa.

Karibu na gati, fundi alikuwa akikalafati mashua, pamba ikiingizwa kati ya mbao kwa nyundo na patasi. Baada ya salamu na maelezo ya picha zitakwenda wapi, alikubali kwa sharti.

"Sawa kaka, lakini na mashua yangu. Mimi peke yangu nitaonekana sina kazi."

Sharti lake liliondoa mpango wa tundu la f/3.5 na mandhari laini. Picha ilipigwa kwa f/8, flashi upande wa kushoto ndani ya mwavuli mdogo ulioshikwa na kijana wa jirani dhidi ya upepo, na kila msumari wa ubavu wa mashua ulionekana. Ilikuwa picha bora kuliko ile niliyoikusudia. Kuhusu ruhusa, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na uso wa mtu ukitumika kwa biashara idhini yake iliyo wazi huhitajika. Pwani adabu ilitangulia sheria. Ndani ya kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu ambayo kumi kati yake iliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, kamera haitolewi mfukoni hadi wazee waseme, na wakikataa, neno halirudiwi.

Picha yenye maelezo mengi inaweza kuwa na kazi ambayo mpigaji hakuiwaza. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama kando ya vigango viwili, nguzo za mbao zinazosimikwa kwa ajili ya wafu wa ukoo. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka mingi ikapita hadi alipokiona kimoja kati ya vitu vya makumbusho ya Marekani, na ile picha ndiyo iliyothibitisha mwenyewe ni nani. Vigango vyote viwili vilirudi Kilifi mwaka 2007. Kilichohitajika hapo kilikuwa mchongo unaoonekana wazi kiasi cha kutofautisha mti mmoja na mwingine. Megapikseli hazikuwapo wakati huo, filamu ilitosha.

Nguzo ya Vasco da Gama iliyo juu ya rasi, ukumbusho wa Wareno waliofika Aprili 1498, ilipigwa haraka. Ni koni nyeupe yenye msalaba, imepigwa na kila mtu, na upepo wa hapo ulikuwa ukipeperusha stendi.

Kaskazini mwa mji, mto Sabaki humwaga udongo wa bara baharini, na maji huwa ya rangi ya chai ya maziwa hadi mbali. Rangi hiyo hupendeza katika picha ya muda mrefu. Filta ya kijivu ya stopu kumi hugeuza 1/125 kuwa sekunde nane, mawimbi huwa kama moshi, na mpaka kati ya kahawia na buluu hutoka laini. Filta ya polaraiza hufanya kazi nyingine, ya kuondoa mng'ao juu ya maji na majani. Haina mbadala kwenye kompyuta, na kama ni kununua filta moja tu, iwe hiyo. Stendi ikisimama ndani ya maji, viungo vya chini hufunguliwa kwanza badala ya vya juu, ili kufuli zibaki nje ya mchanga. Hilo nililikumbuka baada ya mguu mmoja kuanza kusaga kama kinu.

Mambrui, ng'ambo ya Sabaki, ina kaburi la nguzo lililopachikwa bakuli za kauri ya Kichina. Mbele yake ni Ngomeni, ambako majukwaa ya San Marco ya Waitaliano yamesimama baharini. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru kwa sababu siku yenyewe ni ya uhuru wa Kenya. Kwa upeo mrefu usio na kitu kama huo, kamera ina umbo la picha la 65 kwa 24, lililorithiwa kutoka kamera ya filamu ya XPan. Kukata kiasi hicho huacha megapikseli 50, zinazotosha ukuta wa sebule yoyote.

Marafa ndiyo ilikuwa mwisho, bara kidogo, baada ya barabara ya vumbi. Wenyeji huita bonde hilo Nyari. Mvua imechonga mchanga kuwa minara yenye tabaka nyeupe, ya waridi, ya kutu na nyekundu, na jioni jua likiwa chini tabaka hizo hutengana moja moja. Kamera hurekodi rangi kwa biti 14 au 16 kwa kila pikseli. Nilipiga mnara uleule kwa zote mbili na, hata baada ya kuvuta vivuli kwa nguvu, tofauti sikuiona. Kilichoonekana ni ukubwa wa faili: ghafi ya biti 16 isiyobanwa ni takriban MB 200, na kadi ya GB 64 hujaa kwa picha mia tatu hivi. Biti 14 zilizobanwa bila kupoteza kitu zilitosha kwa safari nzima. Lenzi ya 100–200 ndiyo iliyofanya kazi pale, kutoka ukingoni, na haikubadilishwa hata mara moja. Vumbi la Marafa likiingia mbele ya kihisi huonekana kama inzi katika kila anga iliyopigwa kwa f/11.

Jioni ya mwisho Malindi ilikuwa ya hesabu. Betri ya kamera hii imekadiriwa picha 460, na tatu zilitosha siku mbili za kazi. Stima ilikatika saa mbili usiku. Kamera huchajiwa pia kwa kebo ya USB-C, na pawabanki ya simu ilimalizia. Faili zilinakiliwa kwenye diski mbili, moja ikaingia kwenye begi la kamera na nyingine kwenye begi la nguo, ili mwizi mmoja au wimbi moja lisichukue zote. Stendi ilifunguliwa vipande vipande chini ya bomba la uani, na maji yalitoka mekundu kwa Marafa kabla ya kutoka ya kijivu kwa Sabaki.

Kwa pikseli 300 kila inchi, picha nzima ya megapikseli 102 huchapwa sentimita 99 kwa 74 bila kuvutwa. Ya Gede ilichapwa hivyo. Ya fundi ilikuwa ndogo, 40 kwa 30, na ilirudi Malindi kwa matatu ndani ya kipande cha bomba la PVC lililozibwa kwa gazeti ncha zote mbili. Jibu lilikuja kwa simu: mashua imetoka vizuri, ila ametuma picha nyingine ya kwake, aliyopigwa na mwanawe, mashua ikiwa imeshapakwa mafuta ya sifa na kushushwa majini.